NIFUATE NIKUFUATE SI UJIMA
Vijana wa Singida na riziki ya mtandaoni

Anayeingia mji wa Singida kwa barabara itokayo Dodoma hupokewa kwanza na mawe. Ni majabali makubwa yaliyobebana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na kando yake yanang'aa maji ya chumvi ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Sisi tuliotoka visiwani, tuliozoea minazi na mikarafuu, tulifika huko wakati wa kuvuna alizeti, nchi nzima imegeuka rangi ya majani makavu na magunia yamepangwa kando ya barabara yakingoja mashine za kukamua.

Chini ya kivuli cha jabali moja tuliwakuta vijana saba, wa kike na wa kiume, kila mmoja ameinamia simu yake. Walituamkia kwa adabu, nasi tukaitikia. Tulipowauliza wanafanya nini saa nne za asubuhi, siku ya kazi, mmoja wao alijibu bila kusita: "Tunasaidiana, mzee."

Neno hilo lilitupendeza. Kusaidiana ni neno ambalo Chama kimelihubiri tangu kuzaliwa kwake, na kabla ya Chama wazee wetu walilihubiri kwa vitendo. Tukakaa nao juu ya jiwe, tukawasikiliza.

Walitueleza kwamba wao ni wazalishaji wa maudhui, yaani watu wanaopiga picha za video, kuzungumza, kuimba, kuchekesha au kufundisha, na kuziweka kazi hizo katika mitandao kama YouTube, Facebook na TikTok. Wamo katika kundi la simu lenye watu wapatao 200 kutoka mikoa mbalimbali, na sharti la kundi ni moja: nifuate, nami nikufuate, tazama yangu, nami nitatazama yako. Kila asubuhi kila mmoja huweka kazi yake, na wenzake huipitia moja baada ya nyingine ili namba zake zipande. Namba zikifika kiwango, wameambiwa, fedha zitaanza kuingia, na kila mmoja atakuwa na kipato cha msingi cha kumwezesha kuishi bila kumtegemea mtu.

Mmoja kati yao, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa kimya. Baadaye alitusindikiza mpaka kituo cha mabasi, akatueleza yaliyo moyoni. Aliuza mbuzi wawili wa mama yake ili anunue simu. Kwa muda wa miezi minane amekuwa akinunua vifurushi vya intaneti kwa kukopa dukani. Wafuatiliaji 1,000 alioambiwa awatafute amewapata, na ziada. Fedha hajaiona hata senti moja, na mama yake kila siku anamwuliza habari ya mbuzi. Akatuuliza sisi, kwa kuwa ametuona ni watu wa Chama na wa Serikali: "Huku kusaidiana kwetu kuna kosa gani?"

Hatukuwa na jawabu pale kituoni. Tumelitafuta, na leo tunaliandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba, maana tunajua kwamba hata Makunduchi na Micheweni, vibarazani kwetu, mchezo huu unachezwa. Tunaliandika pia kwa ajili ya viongozi wenzetu, kwani wengi wetu tunapomwona kijana ameinamia simu huwa tunasema neno moja tu, nalo ni "uvivu", kisha tunapita.

FEDHA HUTOKA WAPI

Yafaa kwanza ieleweke wazi fedha hiyo hutoka wapi. Haitoki kwa mfuataji wala kwa mtazamaji, bali kwa mfanyabiashara anayetangaza bidhaa yake. Kampuni yenye mtandao hupokea fedha ya matangazo, hukata fungu lake, na kumpa mwenye video kilichobaki. Katika YouTube, kwa video za kawaida, mwenye video hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yaliyoonyeshwa katika kazi yake. Kwa video fupi, fungu la wazalishaji ni asilimia 45.

Lakini hakuna anayeingia katika mgao huo kwa kupenda kwake. Tangu mwaka 2018 sharti la YouTube ni kuwa na wafuatiliaji 1,000 na, pamoja nao, saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 iliyopita. Baadaye ikaongezwa njia nyingine kwa wenye video fupi: kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Saa za video fupi zinazopita katika ukanda wake wa video fupi hazihesabiwi katika zile saa 4,000. Na hata baada ya kukubaliwa, malipo hayatumwi mpaka yafikie dola 100 za Marekani.

Hapo ndipo lilipo jawabu la kwanza kwa kijana wetu. Yeye alitimiza nusu ya sharti, nusu iliyo nyepesi. Kazi zake zilikuwa video fupi. Wafuatiliaji aliwapata kwa kubadilishana, bali saa hakuwa nazo, wala hakuna aliyemwambia kwamba saa zinahitajika.

Tuseme sasa kwamba angejua, na kundi zima likaamua kusaidiana katika saa pia. Tupige hesabu kama tulivyofundishwa skuli. Watu 200, kila mmoja anahitaji saa 4,000. Jumla ni saa 800,000 za kutazama. Nani atazitazama? Ni hao hao 200. Basi kila mmoja atapaswa kutazama kazi za wenzake kwa saa 4,000 katika mwaka, ambazo ni karibu saa 11 kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Kundi likiwa la watu 20, hesabu ni ile ile. Likiwa la watu 2,000, hesabu ni ile ile. Anachopokea mtu katika mzunguko huo hakiwezi kuzidi anachotoa. Na mtu anayetazama simu saa 11 kwa siku atalima saa ngapi, atapika saa ngapi, na kifurushi atakinunua kwa fedha gani?

Zaidi ya hayo, jambo lenyewe limekatazwa. Kanuni za YouTube zinahesabu mapatano ya kufuatana kwa kubadilishana kuwa ni udanganyifu, na namba zilizopatikana hivyo zinaweza kufutwa, na chaneli yenyewe ikafungwa. Wenye kubofyana matangazo wao kwa wao hunyimwa malipo hayo, kwa sababu mwenye kutangaza sabuni anataka mnunuzi wa sabuni, hataki kubofyewa na jamaa wa mwenye video.

Tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mapema kwamba mizani ya uongo ni dhambi hata kama soko zima linaitumia. Wafuatiliaji 1,000 wasiotaka kusikia neno la mtu ni mizani ya uongo. Humdanganya mfanyabiashara, na kabla ya mfanyabiashara humdanganya mwenyewe aliyeishika, kwani hulala akijiona ana watu elfu moja nyuma yake, kumbe yuko peke yake.

UJIMA WENYEWE

Hatusemi hivi ili kuvunja nyoyo za vijana. Kusaidiana kwao si kosa; kosa liko katika kitu wanachosaidiana. Wazee wetu wa bara waliitana kwa ujima: leo majembe kumi katika shamba la fulani, kesho katika shamba la jirani yake. Kazi ya mtu mmoja ya siku kumi ilikwisha kwa asubuhi moja, na mvua haikumkuta mtu hajapanda. Lakini mtama haukutoka katika majembe, wala haukutoka katika kule kukusanyika. Mtama ulitoka ardhini. Kama watu kumi wangekutana kila siku kulima ua wa nyumba, mmoja baada ya mwingine, wangetoka jasho kweli, na ujima ungekuwepo kweli, na njaa ingekuwepo pia.

Ardhi ya mzalishaji wa maudhui ni yule mtazamaji wa mbali asiyemjua, ambaye anafungua video kwa sababu ina jambo analolihitaji. Kundi lililo na akili hutumia nguvu zake zote kuilima ardhi hiyo.

Katika visiwa vyetu jambo hili si geni. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki walianzisha hapa Unguja Nadi Ikhwani Safaa, na jina lenyewe ni la udugu. Mwaka 1958 ikaanza klabu nyingine ambayo leo inajulikana kwa jina la Culture Musical Club; jina lake la mwanzo lilikuwa Shime Kuokoana. Wasanii wa vikundi hivyo hawakujenga sifa kwa kuwa mpiga fidla alimpigia makofi mpiga ganuni, na mpiga ganuni naye akamlipa makofi. Waliokoana kwa kufanya mazoezi pamoja, kwa kushirikiana ala ambazo mtu mmoja asingeweza kuzinunua, kwa mkubwa kumfundisha mdogo. Kisha wakatoka mbele ya watu, na watu ndio waliotoa tunza.

Basi tuwaulize vijana wa jabali la Singida: ninyi saba, mkiacha kutazamana, mnaweza kuokoana namna gani?

Namna ya kwanza ni kuwa na chaneli moja badala ya saba. Vijana saba wenye chaneli saba wanahitaji saa 28,000 kabla ya kila mmoja kuingia katika mgao. Wenye chaneli moja wanahitaji saa 4,000. Mmoja ana sauti nzuri, mwingine anajua kupiga picha, wa tatu anajua kuandika, wa nne ana mjomba mwenye mizinga 60 ya nyuki. Mtu mmoja huchoka baada ya mwezi. Watu saba wanaweza kupeana zamu mwaka mzima. Simu moja nzuri, kipaza sauti kimoja na kifurushi kimoja kikubwa ni gharama ndogo kuliko saba dhaifu.

Namna ya pili ni kusema kitu ambacho wengine hawawezi kukisema. Singida ina asali ya misitu na vichaka vya Manyoni na Itigi. Ina alizeti, wakati nchi yetu imekuwa ikitumia fedha nyingi za kigeni kuagiza mafuta ya kula. Ina kuku wa kienyeji wanaosafirishwa mpaka Dar es Salaam, ina vitunguu, ina Wanyaturu na Wanyiramba wenye lugha na hekaya zao. Kijana anayemwonyesha mkulima wa Handeni jinsi ya kurina asali bila kuua nyuki, au anayemweleza mama wa Chake Chake jinsi ya kutambua mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri, huyo atatazamwa mpaka mwisho wa video, na leo na mwakani. Wanaoigiza vichekesho vya Dar es Salaam ni maelfu; wanaoweza kusimama katika kichaka cha Itigi na kueleza kazi ya mzinga ni wachache.

Namna ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na riziki, ni kutoyategemea matangazo peke yake. Mapato ya matangazo hupanda na kushuka, na wachache walio juu huchukua sehemu kubwa. Lakini video inayoonyesha asali inaweza kuuza asali. Mnunuzi wa Unguja anaiona, anapiga simu, analipa kwa simu, na debe linapakiwa katika basi mpaka Dar es Salaam, kisha katika boti. Tangu huduma za fedha kwa simu zianze kuenea nchini mwaka 2008, njia hiyo ipo wazi kwa mtu wa kijijini. Kundi linaweza kuanza kuuza hata kabla ya kufikisha wafuatiliaji 1,000.

KIPATO CHA MSINGI

Vijana walitumia neno "kipato cha msingi", na neno hilo lina maana yake ambayo haifai kuchezewa. Ni fedha ambayo mtu ana hakika nayo kila mwezi, kidogo lakini haikosi. Hapa Zanzibar tunaijua, kwani mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa pensheni ya jamii kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, bila kujali aliajiriwa au hakuajiriwa, kwa kiwango cha mwanzo cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ina chanzo, nacho ni Hazina. Kundi la simu halina Hazina. Anayeahidi kipato cha uhakika kutoka katika mfuko usio na chanzo anaahidi fedha ya wengine.

Lakini kundi linaweza kufanya jambo moja kubwa: kuifanya fedha isiyotabirika itabirike. Hapo kibati kina kazi yake, au upatu kama waitavyo wengine. Watu kumi wakichangia shilingi 5,000 kila wiki, kila wiki mmoja wao atapata 50,000. Kibati hakizai fedha. Mwisho wa wiki kumi kila mmoja ametoa 50,000 na amepokea 50,000. Faida yake ni kwamba vijisenti ambavyo vingepotea dukani vimekuwa kipaza sauti, au mizinga, au nauli ya kupeleka mzigo. Vikundi vya VICOBA vimekwenda hatua mbele zaidi: wanachama hununua hisa, hukopeshana, na huweka kando mfuko wa jamii wa kumsaidia aliyefiwa au aliyeugua. Tangu mwaka 2018 Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha inavitambua na kuvitaka visajiliwe.

Jirani zetu wa Kenya wametupa funzo la maana. Katika kaunti za Siaya na Bomet shirika la GiveDirectly lilianzisha jaribio la kuwapa wanavijiji wapatao 20,000 fedha bila masharti; wengine walilipwa kila mwezi kiasi cha dola 22 hivi kwa miaka miwili, wengine wakaahidiwa miaka 12, na wengine wakapewa kwa mkupuo mmoja. Taarifa ya watafiti iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha kwamba waliopewa kwa mkupuo na wale wa miaka 12 walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili. Na wale wa miaka 12, waliokuwa wakilipwa kidogo kidogo, walifanyaje ili wapate mtaji? Wengi walicheza upatu. Wakijua kwamba fedha ya mwezi ujao ipo, waliaminiana, wakakusanya, wakapeana mkupuo kwa zamu. Fedha ilitoka nje, lakini udugu ndio ulioigeuza kuwa mtaji.

Hilo ndilo tunalotaka vijana walielewe. Chumo litoke nje ya kundi, katika asali, alizeti, mafunzo, matangazo ya duka la mjini au kazi ya kurekodi harusi. Likiisha kuingia, udugu wa ndani uligawe na kulilinda, ili mwezi wa ukame wa mmoja uwe mwezi wa neema wa mwingine. Kundi linaweza kukubaliana kwamba fungu fulani la kila chumo, tuseme moja katika kumi, liingie katika mfuko wa pamoja, na kutoka humo kila mwanachama apewe kiasi sawa kila mwisho wa mwezi. Kiasi hicho kitakuwa kidogo mwanzoni. Pengine kitatosha unga na sabuni tu. Lakini kitakuwa cha kweli.

TAHADHARI

Lipo pia jambo la kutahadharisha. Palipo na vijana wenye njaa ya riziki hapakosi mbwamwitu. Mwaka 2009 Serikali iliizuia DECI, iliyokuwa ikiwaahidi watu "kuvuna" fedha kwa kupanda fedha, na maelfu wakaachwa wakilia. Mwaka 2025 vyombo vya dola vililazimika kuingilia mradi wa simu uliojulikana kwa jina la LBL, ulioahidi malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwa yule aliyetanguliza fedha zake, na watu kadhaa wakakamatwa. Kati ya mwaka 2009 na 2025 simu zimebadilika, lakini mtego ni ule ule: toa kwanza, lete wenzako, utalipwa kesho. Alama ya kuutambua ni swali moja tu: fedha inatoka kwa nani? Ikiwa inatoka kwa wanachama wapya peke yao, basi siku wapya watakapokwisha, na fedha itakwisha.

Na hata ndani ya kundi la watu wema, lazima pawe na maandishi. Chaneli ya pamoja imeandikwa kwa jina la nani? Nani anayo namba ya siri? Atakayeondoka atapewa nini? Udugu usioandikwa huvunjika siku fedha ya kwanza inapoingia. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanzania Bara ya mwaka 2013 inawaruhusu watu wa kazi moja kuungana kisheria, na maofisa ushirika wapo katika halmashauri. Waitwe wafanye kazi yao.

WAJIBU WETU VIONGOZI

Sasa tunawageukia viongozi wenzetu. Si haki kumtaka kijana ajitegemee huku tumemfungia mlango. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi milioni 1, na juu yake ada ya mwaka ya kiasi hicho hicho. Kwa kijana wa Ikungi au wa Mkalama hizo zilikuwa ng'ombe kadhaa. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, baadhi ya masharti na ada yakalegezwa. Tunapongeza hatua hiyo. Lakini vijana tuliowakuta hawajui ni nani anayetakiwa kuwa na leseni na nani asiyetakiwa, na khofu ya kutojua huwazuia wengi kufanya kazi hadharani. Mamlaka ya Mawasiliano itoe maelezo mafupi kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe katika ofisi za kata huko bara na za masheha huku kwetu, kwani mawasiliano ni jambo la Muungano na kanuni hizo zinatuhusu sote.

Kodi nayo ielezwe. Tangu Julai 2023 anayemlipa mzalishaji wa maudhui wa kidijitali aliye mkaazi wa nchi hii anatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato. Kodi ya mapato pia ni jambo la Muungano. Na tangu mwaka 2021 YouTube inakata kodi ya Marekani kwa mapato yanayotokana na watazamaji wa nchi hiyo. Kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, makato hayo ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Asiyejaza fomu yake hukatwa zaidi. Hatusemi kodi isilipwe. Nchi haijengwi bila kodi. Tunasema kwamba mtu anayetozwa bila kuelezwa hujiona ameibiwa.

Halmashauri za bara zinawajibika kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Huku Zanzibar upo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Je, kikundi cha vijana saba wenye kamera moja na mizinga 60 kitaonekana mbele ya maofisa hao kuwa ni kikundi cha uzalishaji, au wataambiwa waende wakafuge kuku kwanza? Tunawaomba wahusika wasione aibu kuikopesha kazi wasiyoizoea. Wasikopeshe ndoto, wakague hesabu, waulize fedha itatoka kwa nani, kisha wakopeshe.

Nasi wa Chama tuna wajibu wetu. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba kujitegemea huanza na kile tulichonacho mkononi. Kijana wa leo ana simu mkononi. Kumwambia aitupe ni kumwambia atupe jembe. Kumwacha aitumie kwa namna isiyozaa, nasi tunatazama, ni kosa la pili.

Tulimtumia kijana yule jawabu letu kabla ya kuliandika hapa. Tulimweleza habari ya saa 4,000, na habari ya ua na shamba. Alikaa siku tatu hajatujibu, tukadhani tumemkasirisha. Siku ya nne alituletea ujumbe mfupi kwamba wanne kati ya wale saba wameondoka katika kundi la watu 200, na kwamba Jumamosi watakwenda kwa mjomba kurekodi urinaji wa asali. Watatu wamekataa, wanasema namba zao zitashuka. Mbuzi hawajalipwa bado. Mama, alisema, amekubali kungoja mpaka msimu wa asali wa pili, na si zaidi ya hapo.

Sisi tunamwona mama huyo kuwa ndiye mkopeshaji wa kwanza wa kazi hii, asiyetoza riba, na aliyekopesha bila kuulizwa. Anastahili kulipwa. Wenye madaraka ya kuwasaidia wale wanne wasingoje mpaka naye achoke.